Majina ya Kome wa Kale: Uainishaji wa Kome wa Maji Baridi wa Kipindi cha Kretasia na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo si kawaida kulikuta katika kurasa za jarida la lugha: namna wataalamu wa visukuku wanavyowaainisha na kuwapa majina kome wa maji baridi walioishi katika kipindi cha Kretasia, yaani kati ya miaka milioni 145 na milioni 66 iliyopita. Msomaji ana haki ya kuuliza kome hao wana uhusiano gani na isimu. Jibu letu ni kwamba kazi ya mtaalamu wa kome na kazi ya mwanaisimu hukutana mahali pamoja, napo ni kwenye jina. Wote wawili huanza na umbo wanaloliona, hulipanga pamoja na maumbo mengine, kisha hulitafutia jina. Na wote wawili huweza kupotea kwa njia ile ile: kulifanya jina liseme mengi kuliko yale ambayo umbo linaweza kuyathibitisha.

Hoja tutakayoitetea ni hii. Jina ni kitambulisho, na uainishaji ni dai juu ya ukoo. Mambo haya mawili yanahusiana, lakini si jambo moja. Pale yalipochanganywa, kama yalivyochanganywa katika historia ya kome wa Kretasia, kazi ya kuyatenganisha ilichukua miongo mingi. Sisi ambao leo tunaunda istilahi za sayansi katika Kiswahili hatuna budi kulitazama jambo hili kwa makini, maana bado tuna nafasi ya kuchagua.

Kiumbe na gamba lake

Kome wa maji baridi ni mnyama laini asiye na kichwa, anayeishi katikati ya magamba mawili yaliyounganishwa na bawaba. Hujizika nusu katika mchanga au tope la mto na kuchuja chakula katika maji. Kiluwiluwi cha wengi wao hakiwezi kukua bila msaada wa samaki: hujibandika kwenye mapezi au matamvua yake, hubebwa naye kwa muda, kisha hujiachilia na kuanza maisha yake chini ya mto. Kwa hiyo historia ya kome haitengani na historia ya mito na ya samaki wake.

Wataalamu wa kome walio hai huwaainisha kwa kutazama mambo mengi. Charles Simpson, katika orodha yake kubwa ya mwaka 1900, alitilia maanani sana matamvua ambamo jike huyahifadhi mayai yake. Arnold Ortmann alifuata njia hiyo hiyo ya kuchunguza viungo laini, na siku hizi vinasaba vimeongezwa juu ya hayo. Lakini mambo yote hayo huoza. Kisukuku hakina matamvua, hakina kiluwiluwi, wala hakina vinasaba. Kilichobaki ni gamba: umbo lake la nje, nundu na mikunjo iliyo juu yake, mapambo madogo yaliyo karibu na kilele chake, meno ya bawaba, na makovu ya misuli upande wa ndani. Mara nyingi hata hayo hayapatikani yote. Gamba huweza kuyeyuka ndani ya mwamba na kuacha tope lililoganda likiwa na sura ya nafasi ya ndani tu. Na pasipo bawaba, mtaalamu mwangalifu huogopa kusema mengi.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatuonyesha jambo ambalo Kilatini cha wanasayansi hukificha. Tukisema juu ya kiumbe, twasema kome huyu alikufa. Tukisema juu ya kilichobaki, twasema gamba hili lilipatikana, au kisukuku hiki kilichimbuliwa. Upatanisho unatulazimisha kuchagua kama tunamsema mnyama au tunakisema kitu. Jina la kisayansi halina ulazima huo. Hutolewa kwa kutazama gamba, lakini huchukuliwa mara moja kuwa jina la mnyama mzima, pamoja na ukoo wake wote. Matatizo tutakayoyaeleza yamo ndani ya mruko huo wa kutoka gamba hili hadi kome huyu.

Sarufi ya majina

Utaratibu wa kuwapa wanyama majina huanzia rasmi mwaka 1758, kwa toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, Systema Naturae. Kila spishi hupewa jina la maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, la pili ni la spishi yenyewe. Mwanafunzi yeyote wa lugha za Kibantu ataona mara moja kwamba mfumo huu una upatanisho. Jenasi ni nomino ya Kilatini yenye jinsia, na neno la pili, likiwa ni kivumishi, hulazimika kufuata jinsia hiyo. Spishi ikihamishwa kutoka jenasi ya kiume hadi jenasi ya kike, kivumishi chake hubadilisha mwisho: verrucosus huwa verrucosa, kama ambavyo kwetu -kubwa huwa kikubwa au mkubwa kwa kuitii nomino. Sheria za leo za kimataifa, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinaudumisha upatanisho huo.

Neno la pili huundwa kwa njia chache zinazojulikana. Kiambishi -ensis huonyesha mahali: Gideon Mantell alipompa kome wa Kretasia ya mwanzo wa kusini mwa Uingereza jina la Unio valdensis, alimaanisha kome wa Weald. Mwisho wa -i huonyesha mtu anayeheshimiwa kwa jina hilo: browni ni wa Brown. Viambishi -oides na -iformis huonyesha mfanano, yaani mfano wa fulani, au mwenye umbo la fulani. Njia mbili za kwanza hazidai chochote juu ya ukoo. Hii ya tatu inakaribia sana kudai, nayo ndiyo tutakayoifuata.

Jina Unio lenyewe lina mkasa wake wa kilugha. Katika Kilatini, unio lenye maana ya lulu kubwa ni la jinsia ya kiume, na Pliny alieleza kwamba lulu iliitwa hivyo kwa kuwa hazipatikani mbili zinazofanana. Unio lenye maana ya umoja ni la jinsia ya kike. Kwa hiyo katika maandishi ya karne ya 19 jina hilo hukutwa likifuatwa na kivumishi cha kiume hapa na cha kike pale. Jenasi Unio iliundwa na Philipsson mwaka 1788 kwa ajili ya kome wa Ulaya, na hata spishi ya kuiwakilisha jenasi hiyo ilileta shaka hadi Tume ya Kimataifa ya majina ya wanyama ilipotoa uamuzi mwaka 1957. Tanbihi hii ndogo yatosha kuonyesha kwamba hata neno lililosimama katikati ya mfumo huu halikuwa imara tangu mwanzo.

Kapu lililoitwa Unio

Kwa muda mrefu Unio lilikuwa kapu. Gamba lolote refu kidogo, la maji baridi, lenye meno ya bawaba ya kawaida, lilitiwa humo, liwe la Ulaya, la Marekani, la Asia au la Afrika, liwe la leo au la kale. Walipoanza kuyachunguza matabaka ya magharibi mwa Marekani katikati ya karne ya 19, Fielding Meek na Ferdinand Hayden walitumia jina hilo hilo. Spishi waliyoiita Unio danae ilitoka Montana, eneo la mto Judith, katika miamba ya Kretasia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Robert Parr Whitfield wa jumba la makumbusho ya historia ya viumbe la New York. Mwaka 1902 Barnum Brown alikuwa Montana, mahali paitwapo Hell Creek, akichimbua mifupa ya mnyama ambaye mwaka 1905 alipewa jina la Tyrannosaurus rex. Katika matabaka hayo hayo ya mwisho wa Kretasia mlikuwa na magamba ya kome, mengi yakiwa na nundu na mikunjo ya kupendeza. Katika makala mbili, ya 1903 na ya 1907, Whitfield aliyatolea majina, yote chini ya Unio. Mojawapo ni browni, kwa heshima ya Brown. Lakini tuyatazame haya mengine: aesopiformis, verrucosiformis, retusoides, cylindricoides.

Majina hayo hayakubuniwa ovyo. Katika mito ya Ohio na Mississippi waliishi kome waliojulikana kama aesopus, verrucosus, retusus na cylindricus. Whitfield aliona kwamba magamba ya Montana yanafanana na ya hao wa leo, akautia mfanano huo ndani ya majina yenyewe. Mwenye umbo la aesopus. Mfano wa retusus. Kwa msomaji wa wakati ule majina hayo yalikuwa na faida kubwa, maana mtu aliyejua kome wa Ohio aliweza kumwona kome wa kale akilini mwake kabla ya kuitazama picha. Lakini kutoka mfanano hadi ukoo ni hatua moja fupi. Anayesikia kila siku kwamba huyu ni mfano wa yule, mwishowe huamini kwamba huyu ni babu wa yule.

Fauka ya hayo, jina lililoegemea jina jingine huanguka pamoja na nguzo yake. Jina aesopus lilitolewa na Green mwaka 1827. Baadaye ilidhihirika kwamba kome yule yule alikuwa amekwisha kupewa jina la cyphyus na Rafinesque mwaka 1820, na kwa kuwa sheria hulipendelea jina lililotangulia, leo kome huyo huitwa Plethobasus cyphyus. Jina aesopus limeondoka katika matumizi, lakini aesopiformis lipo, likiendelea kutuambia kwamba kome fulani wa Kretasia ana umbo la kitu kisichoitwa hivyo tena. Ni kama neno ambatani ambalo sehemu yake moja imekwisha kufa katika lugha: latumika, lakini halijielezi.

Umbo na ukoo

Je, mfanano wa magamba ni ushahidi wa kiasi gani? Wanaisimu walijiuliza swali hilo hilo juu ya maneno zamani. Maneno mawili hufanana kwa sababu yamerithiwa kutoka lugha mama moja, au kwa sababu moja limekopwa, au kwa bahati tu. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, na ki- yake ni sehemu ya shina katika lugha hiyo. Hata hivyo, lilipofika kwetu lilionekana kama kisu na kiti, likapewa wingi wa vitabu. Atakayehukumu kwa umbo peke yake atasema kitabu ni neno la Kibantu.

Kome nao wana vitabu vyao. Mfano mmoja uko karibu nasi. Katika Ziwa Victoria na katika Nile huishi Etheria elliptica, kome anayejigandisha kwenye mwamba mithili ya chaza wa baharini. Wengine wenye tabia hiyo wako Amerika ya Kusini, na mmoja, Pseudomulleria, yuko India. Kwa kuwa wote hujigandisha na magamba yao huwa yamepindapinda, waliwekwa pamoja katika familia moja. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba yule wa India ni wa familia nyingine kabisa, ile ya Unionidae. Maisha yanayofanana juu ya miamba yameyapa magamba sura moja. Ikiwa macho ya wataalamu yalidanganyika kwa wanyama walio hai, ambao wangeweza kupasuliwa na kuchunguzwa, hadhari ipasayo juu ya wale waliokufa miaka milioni 66 iliyopita ni kubwa zaidi.

Kuna na hatari iliyo kinyume cha hiyo: vitu vya ukoo mmoja kuonekana kuwa tofauti. Mwaka 1920 Ortmann alichapisha uchunguzi wake wa kome wa mito inayoingia Ohio. Aliona kwamba spishi moja hubadilika polepole kadiri mtu anavyoufuata mto. Kule juu, kwenye vijito, gamba huwa bapa. Huku chini, kwenye mto mkubwa, huwa nene na lililotuna, na katika baadhi ya kome hata nundu hubadilika. Wa vijito na wa mto mkubwa walikuwa wamepewa majina mawili, kumbe kati yao hapana mpaka.

Mtu aliyesoma lahaja za Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Atakayeisikia lahaja ya kaskazini ya mwambao kisha akasafirishwa usiku hadi kusini ataapa kwamba amesikia lugha mbili. Atakayetembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji hataona mahali pa kuweka kigingi. Mchimbaji wa visukuku ndiye yule msafiri wa usiku. Ana magamba ya mahali pamoja na magamba ya mahali pengine, na mto uliokuwa katikati haupo tena.

Kuhamisha bila kupoteza

Baada ya hayo msomaji aweza kudhani kwamba kazi yote ya Whitfield na wenzake ilipotea bure. La hasha. Mfumo wa majina una njia ya kurekebisha uainishaji bila kukipoteza kitambulisho, na hilo ndilo jambo lake lenye manufaa kuliko yote kwetu.

Kwanza, jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo, yaani gamba moja halisi lililohifadhiwa, ambalo mtoa jina alilitazama. Maelezo yaweza kuwa na makosa, na nadharia yaweza kuvunjika, lakini gamba lipo na jina limeshikamana nalo. Pili, spishi ikihamishiwa jenasi nyingine, neno lake la pili huhama nayo, na jina la mwandishi wake wa kwanza hutiwa katika mabano kuwa ishara kwamba yeye aliiweka kwingine. Alama hiyo ndogo ni historia nzima ya mjadala kwa mtu anayejua kuisoma.

Kwa njia hizo kapu la Unio lilianza kupunguzwa. Mwaka 1934 Loris Russell wa Kanada aliwaainisha upya kome wa kale wa magharibi mwa nchi yake, akaunda jenasi kama Plesielliptio, ambamo Unio priscus wa Meek na Hayden aliwekwa. Kule Uingereza, Unio valdensis wa Mantell alihamishiwa Margaritifera. Neno valdensis halikutikisika, maana lilisema tu alikotoka, na hilo halikubadilika.

Lakini hata katika marekebisho mazoea ya zamani yalirudi. Plesielliptio maana yake ni aliye karibu na Elliptio, jenasi ya leo ya Marekani. Henry Pilsbry wa Philadelphia, kwa kuyatazama mapambo ya magamba fulani ya Kretasia ya Marekani, aliunda jina Proparreysia, yaani aliyeitangulia Parreysia. Na Parreysia ni kome wa India, ambaye jamaa zake wa karibu, akina Coelatura, wanaishi katika mito na maziwa ya Afrika. Jina moja, kwa viambishi vyake tu, linaunganisha Montana na India na Afrika. Sheria hazimruhusu mtu kulifuta jina kwa sababu tu maana yake haifai, nazo ni sheria za busara, maana bila hivyo kila kizazi kingeyaandika majina yote upya. Lakini matokeo yake ni kwamba dai lililotiwa ndani ya jina hudumu hata pale ushahidi wake unapobaki mwembamba.

Mfano wa mwisho unatoka Tanzania. Katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, msafara wa jumba la makumbusho la Berlin ulichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913. Matabaka ya pale hupokezana, ya mifupa na ya bahari, na matabaka ya bahari yalipewa majina ya magamba yaliyojaa humo: tabaka la Trigonia smeei, na juu yake tabaka la Trigonia schwarzi, ambalo ni la Kretasia ya mwanzo. Trigonia ni wa baharini, lakini ukoo wake ndio ulio jirani zaidi na ukoo wa kome wa maji baridi. Sasa, smeei ni jina la gamba la India. Ilipotambuliwa kwamba gamba la Tendaguru ni spishi nyingine, na Trigonia ilipogawanywa, majina ya matabaka nayo yalilazimika kubadilika: leo husomwa Indotrigonia africana na Rutitrigonia bornhardti-schwarzi. Mwamba haukusogea hata shubiri moja. Lililobadilika ni dai letu juu ya ukoo wa gamba, na kwa kuwa mwamba uliitwa kwa dai hilo, nao ukabadilishwa jina.

Hesabu ya waliokufa

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mabishano ya maneno. Sivyo. Mwisho wa Kretasia ni mojawapo ya nyakati za vifo vikubwa katika historia ya uhai. Kimondo kikubwa kilianguka mahali panapoitwa leo Chicxulub, nchini Mexico, na dinosaria wote wasiokuwa ndege wakatoweka. Je, mito nayo ilipoteza viumbe wangapi? Kome ni mashahidi wazuri wa swali hilo, maana hawawezi kukimbia na magamba yao huhifadhika. Huko Montana, wengi wa wale wenye nundu na mikunjo wa Hell Creek hawaonekani katika matabaka ya Fort Union yaliyo juu yake, ilhali wenye magamba laini, kama Plesielliptio, waliendelea.

Sasa tuyatazame majina. Ikiwa wote ni Unio, na Unio yu hai leo katika mito ya Ulaya, basi katika hesabu ya jenasi hakuna aliyekufa hata mmoja: msiba mzima umefunikwa na neno moja. Kwa upande mwingine, ikiwa spishi moja inayobadilika kutoka vijito hadi mto mkubwa imepewa majina kumi, basi kufa kwake kutahesabiwa kuwa vifo kumi. Kapu likiwa kubwa mno, hatuyaoni maafa. Likigawanywa ovyo, tunayazidisha. Idadi ya waliokufa haimo katika mwamba peke yake, bali pia katika uamuzi wa yule aliyetoa majina.

Funzo kwa istilahi zetu

Tunaweza sasa kurudi nyumbani. Tunapoandika juu ya viumbe hawa kwa Kiswahili, tufanyeje?

La kwanza, majina ya maneno mawili yasitafsiriwe. Ni vitambulisho vinavyotumika duniani kote, na vimefungwa kwenye vielelezo. Kumwita aesopiformis kome-mfano-wa-aesopus ni kulihuisha dai ambalo bora lilale katika Kilatini. Jina likiingia katika sentensi ya Kiswahili, lipokee upatanisho wa viumbe hai tunapomsema mnyama, na upatanisho wa gamba au kisukuku tunapokisema kitu. Sarufi yetu imetupa tofauti hii bure, na ni hasara kuitupa.

La pili, kwa sehemu za mwili na za gamba tunayo maneno yanayotosha: gamba, bawaba, meno ya bawaba, kilele, nundu, mikunjo, makovu ya misuli. Hakuna sababu ya kuyakopa maneno hayo. Kwa ngazi za uainishaji, yaani spishi, jenasi na familia, maneno yaliyokwisha kukopwa ni mema hasa kwa sababu hayasemi kitu kingine. Aina na jamii ni maneno mazuri, lakini yana kazi nyingi mno katika lugha ya kila siku.

La tatu, na ndilo kubwa, tunapobuni istilahi mpya tuchague jina linaloonyesha kitu badala ya jina linalokifasiri. Katika isimu tumekwisha kuiona tofauti hiyo. Ngeli iliyoitwa ya miti ilimfanya mwanafunzi aulize moyo, mkate na mwaka ni miti ya namna gani. Bleek, na baada yake Meinhof, walizipa ngeli za Kibantu nambari. Nambari haina uzuri wowote, lakini imeziwezesha kizazi baada ya kizazi cha nadharia kupita bila kulazimika kubadilisha jina. Anayesema ngeli ya 3 leo anaeleweka na watu wasiokubaliana hata kidogo juu ya maana ya ngeli hiyo. Nambari ya Meinhof na neno valdensis la Mantell hufanya kazi moja: hushika mahali, na huacha mjadala uendelee.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba utoaji wa majina kwa kome wa Kretasia ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la mizani na darubini. Gamba huonekana; ukoo hukisiwa; jina husimama katikati ya hayo mawili. Jina lililoegemea gamba, kama la mahali au la mtu, limestahimili marekebisho yote. Jina lililoegemea ukoo limebaki likieleza imani ya wakati wake.

Kamati zetu za istilahi zinafanya kazi ambayo Ulaya na Marekani ziliifanya katika karne ya 18 na ya 19, kwa haraka na mara nyingi bila kutazama mbele. Maneno tunayoyapitisha leo yatatumiwa na wanafunzi ambao nadharia zao hatuzijui. Ni wajibu wetu kuwaachia vitambulisho watakavyoweza kuvitumia hata watakapokuwa wamezikataa hoja zetu.